Udongo wa Kwetu na Udongo wa Ulaya

Ukiwa hapa Liuhua, katikati ya Guangzhou, na ukatamani kijiji cha Ulaya chenye nyumba za mbao, maua madirishani, kanisa lenye mnara mrefu na ziwa mbele yake, huhitaji viza ya Schengen. Unachukua gari mwendo wa kama saa mbili kwenda mashariki, mkoa huuhuu wa Guangdong, mpaka Boluo karibu na Huizhou. Huko kampuni ya Kichina ilijenga nakala ya Hallstatt, kijiji cha Austria, na kuifungua mwaka 2012. Waaustria wenyewe walipata habari nakala ikiwa tayari inajengwa. Walikasirika kwanza, kisha meya wao akahudhuria ufunguzi. Siku hizi maharusi wa Kichina wanakwenda kupiga picha pale, na marafiki zangu wa Kitanzania wanaokuja kununua mzigo wameanza kwenda pia, wakipata Jumapili moja ya kupumzika.

Nimeanza na Boluo kwa sababu tangu tulipofanya kile kipindi cha safari za wikiendi mmetutumia picha nyingi sana, na karibu nusu ni za vijiji vya Ufaransa. Eguisheim. Riquewihr. Beuvron-en-Auge kule Normandy. Vijiji vizuri, sibishi. Watazamaji wa televisheni ya Ufaransa waliichagua Eguisheim kuwa kijiji wanachokipenda kuliko vyote mwaka 2013, na ukiona zile nyumba za rangi ya haradali na waridi zimeegemeana kwenye kichochoro unaelewa kwa nini. Msikilizaji mmoja aliandika chini ya picha yake kwamba nyumba zile zinamfanya atamani "tungekuwa na kitu kama hiki kwetu".

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa sababu tunacho. Tunakibomoa.

Hebu tuiangalie nyumba ya Alsace au Normandy kama fundi, sio kama mgeni mwenye simu mkononi. Kwanza kuna mifupa: nguzo za mwaloni, mihimili ya kulala, na mihimili ya mshazari inayozuia nyumba isiyumbe. Mifupa hiyo ndiyo inayobeba paa. Kati ya nguzo na nguzo kuna nafasi tupu, na nafasi hiyo hujazwa hivi: unachomeka vijiti, unasuka vijiti vingine vyembamba juu yake, halafu unapaka udongo uliokandwa na majani makavu, mkono mmoja ndani, mkono mwingine nje. Ukikauka unapaka chokaa. Basi. Wafaransa wanauita udongo huo torchis. Ukuta unaopigia picha ni matope na mabua.

Sasa yaseme maneno hayohayo kwa Kiswahili cha bibi yako: simika nguzo, funga fito, kandika udongo. Ni nyumba ileile.

Wengi wetu tuliokulia nje tunazijua nyumba hizi kwa jina moja tu, "nyumba ya udongo", tena linatamkwa kwa sauti ya chini kidogo. Lakini mafundi wa pwani walikuwa na jina la kila kiungo. Ukuta wenyewe wa miti na udongo ni kiambaza. Fito ni ile miti myembamba inayofungwa kwa kamba ndani na nje ya nguzo, na katikati yake ndimo udongo unaposhindiliwa. Mti mrefu unaolala juu ya kuta ili kupokea paa unaitwa mtambaapanya, na nadhani huhitaji maelezo kwa nini; yeyote aliyewahi kulala chini yake amewasikia wenye jina lao wakipita usiku. Juu yake zinakaa kombamoyo, ile miti ya mteremko inayobeba paa, na juu ya kombamoyo zinapita pau, halafu makuti. Mtu akikwambia mababu zetu walijenga "vibanda tu", mwulize ni kibanda gani chenye mtambaapanya. Na kama bado una mzee nyumbani anayeyajua maneno haya, mrekodi. Mimi nilimpata baba yangu akiyakumbuka matano, na la sita akalikumbuka saa saba usiku akanipigia simu.

Tofauti zipo, na ni za kweli. Seremala wa Kifaransa alikuwa na mwaloni, mti mgumu na mnene, kwa hiyo aliweza kwenda ghorofa mbili, tatu. Aliunganisha mbao kwa ulimi na tundu, akapigilia kiwi cha mti, wakati fundi wetu alifunga kwa kamba. Na kila ubao ulichongwa alama, mara nyingi namba za Kirumi, ili mifupa iliyoandaliwa chini ijulikane itakavyosimamishwa. Faida moja ya mfumo huo ni kwamba nyumba inaweza kufunguliwa ubao kwa ubao na kuhamishwa. Hilo lina kisa chake.

Sisi tunadhani Wafaransa waliziheshimu nyumba hizi siku zote. Wapi! Mwaka 1720, mwezi wa Desemba, mji wa Rennes uliungua kwa siku kadhaa, na baada ya hapo sehemu iliyoteketea ikajengwa upya kwa mawe. Moto ilikuwa sababu nzuri, lakini aibu nayo ilifanya kazi yake. Katika miji na vijiji vingi watu walifunika mbao zao kwa plasta ili nyumba ifanane na ya mawe, yaani ifanane na ya tajiri. Na baada ya Vita Kuu ya Pili, mwenye uwezo alitaka zege. Miaka ya 1970 huko Alsace nyumba za wakulima zilikuwa zinabomolewa, na kijana mmoja, Marc Grodwohl, na wenzake wakaanza kuziokoa: kwanza kuzitengeneza kijijini, halafu zile zilizokuwa lazima zianguke kuzifungua na kuzisimamisha upya mahali pengine. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa jumba la makumbusho la wazi la Ungersheim, lililofunguliwa mwaka 1984. Ule umoja wa vijiji vizuri kuliko vyote vya Ufaransa, ambao kibao chake kinaonekana kwenye picha zenu nyingi, nao ni wa mwaka 1982. Kwa hiyo mapenzi haya tunayoyaona kama ya karne na karne yana umri wa wazazi wetu, au chini ya hapo.

Turudi pwani. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, mji uliohamwa kwenye kisiwa cha Pate, Kenya. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta msikiti wa zamani zaidi, na chini ya huo mwingine, na mwingine, hadi akafika kwenye alama za mashimo ya nguzo kwenye mchanga. Msikiti wa kwanza kabisa wa Shanga, wa mwishoni mwa karne ya 8, ulikuwa wa miti. Katika mji huohuo vilipatikana vigae vya vyombo vya Kichina vya enzi ya Tang, wakati ambao bandari kubwa ya China kwa biashara ya bahari ya kusini ilikuwa Guangzhou hii ninayoandikia. Watu walikula kwenye vyombo vilivyovuka bahari, chini ya paa la makuti, ndani ya kuta za udongo, na hawakuona kasoro.

Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331. Aliusifu kuwa mji mzuri wenye majengo imara, na akasema nyumba zake ni za miti. Kuhusu Mombasa alitaja misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Maelezo hayo yamewasumbua wasomi, kwa sababu Kilwa inajulikana kwa mawe: Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa. Wengine wakafikiri mzee alichanganya kumbukumbu. Lakini jirani tu, Songo Mnara, timu ya Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones ilipochimba kwenye uwanja uliodhaniwa kuwa mtupu katikati ya nyumba za mawe, ilikuta mabaki ya nyumba za miti na udongo. Zilikuwa humohumo mjini, ndani ya ukuta wa mji. Jiwe limebaki kwa sababu ni jiwe. Udongo ulirudi kuwa udongo, na sisi tukadhani haukuwahi kusimama.

Na hata hizo nyumba za mawe tunazozisifu zilitawaliwa na mti. Dari ya nyumba ya Lamu au Unguja hubebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haiendi mbali sana zaidi ya mita tatu kabla haijawa nyembamba au kupinda. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba kama korido: urefu wa chumba aliupanga mwenye nyumba, upana aliupanga mkoko. Majahazi yalibeba miti hiyo mpaka Oman, Bahrain na Kuwait, ambako wanaiita chandal, na vyumba vya huko navyo vikapata upana uleule. Wakataji wa Lamu waliipanga miti kwa unene, kutoka fito, pau, mazio, boriti hadi nguzo, na kila jina lilikuwa na bei yake. Biashara hiyo ilikula misitu. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya hifadhi na Wajerumani mwaka 1898, na Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Ukipanda mtumbwi leo kwenye mlango wa mto wowote wa pwani na kuona mikoko inavyojifunga miguu kwenye matope, ujue unatazama yadi ya mbao.

Ukitaka kijiji cha kale ndani ya msitu, pia kipo. Kaya za Wamijikenda, nyuma ya pwani ya Kenya, zilikuwa vijiji vilivyojengwa kwa miti katikati ya msitu mnene, vikiwa na njia chache za kuingilia na malango ya kulindwa. Watu walihama polepole mpaka kufikia miaka ya 1940. Nyumba zimekwenda zote. Kilichobaki ni msitu, kwa sababu wazee waliendelea kukataza kukata, na mwaka 2008 UNESCO ikaziandika kaya hizo, maeneo kumi yaliyotawanyika kwenye kilomita kama 200, kuwa urithi wa dunia. Kaya Kinondo, karibu na Diani, inapokea wageni. Unafungwa kitambaa cheusi kiunoni na unaongozwa na mtu wa hapohapo. Ni safari ya nusu siku kutoka hoteli ambazo wengi wenu mmelala, na sijapokea picha yake hata moja.

Sasa, aibu yetu ilitoka wapi? Sehemu ni ya kikoloni, hilo tunalijua: mji wa mawe upande huu, Ng'ambo upande ule. Zanzibar, wengi waliishi Ng'ambo kwenye kuta za udongo, lakini jina lililokwenda UNESCO mwaka 2000 ni la Mji Mkongwe peke yake. Ila tusiwaachie wakoloni kazi yote. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika waziwazi juu ya Watanzania wanaokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae wakisubiri bati na saruji. Aliona ni ugonjwa wa akili kupooza, na akakumbusha kwamba saruji nayo ni udongo tu, isipokuwa ni udongo wa Ulaya. Alikuwa na haki kuhusu neno. Hakuwa na haki yote kuhusu watu. Nyumba ya udongo ina kazi, na kazi hiyo hufanywa na mwanamke: kukandika upya baada ya masika, kusiriba sakafu, kuziba nyufa zinazoficha mbu na kunguni. Anayetaka bati kwa sababu amechoka kubadilisha makuti kila baada ya miaka michache hajapooza akili. Amepiga hesabu.

Ndipo naomba tuje hapa Liuhua, kwa sababu Wachina wana jibu ambalo mimi, kwa kazi yangu ya kukagua vifaa vya ujenzi kabla havijafungiwa kontena, nalipita kila siku. Ukitoka kwenye ziwa la Liuhua, ambalo wakazi walilichimba mwaka 1958 kupokea maji ya mafuriko na sasa lina kisiwa kilichojaa yangeyange, ukatembea kama nusu saa kuelekea mashariki, unapanda kilima cha Yuexiu na kukuta Zhenhai, jengo jekundu la ghorofa tano lililojengwa mwaka 1380. Kila mtu analiita la kale. Ni la kale kweli, lakini mifupa yake ya mbao ilitolewa mwaka 1928 ikawekwa zege ya nondo. Kuta za mawe na matofali, umbo, paa, mahali: vilibaki. Mji ukaamua hiyo inatosha, na mwaka uliofuata ukaweka humo makumbusho.

Ukienda upande mwingine, kusini magharibi, kuna ukumbi wa ukoo wa Chen, uliokamilika mwaka 1894. Huu bado unasimama kwa nguzo zake. Mafundi wa Kichina wana msemo kwamba ukuta ukianguka nyumba haianguki, kwa kuwa ukuta ni pazia tu na mzigo uko kwenye nguzo. Msemo huo ungeeleweka Eguisheim, na ungeeleweka Pangani. Lakini inama utazame chini ya nguzo. Hakuna hata moja inayogusa ardhi. Kila nguzo imesimama juu ya kitako cha jiwe kilichochongwa. Alsace ni vilevile: mwaloni unakaa juu ya msingi wa mawe. Zamani Ulaya nayo ilichimbia nguzo ardhini, kama Shanga, na nyumba ziliishi muda mfupi kama zetu. Kuanzia kama karne ya 12 na ya 13 ndipo mafundi wengi wakaanza kuinua mbao juu ya mawe. Nguzo zetu ziliendelea kuingia mchangani, na mchwa wakaendelea kupewa chakula mlangoni.

Kwa hiyo kinachotenganisha nyumba ya miaka mia nne na ya miaka thelathini sio akili ya aliyejenga, wala udongo wenyewe. Ni nusu mita ya mawe chini na paa lililotokeza vya kutosha juu, ili mvua isirukie ukutani.

Nayaandika haya nikiwa na oda mezani. Nyumba ya marehemu bibi iko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, unavuka kwa pantoni. Nguzo, fito, udongo, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma. Shangazi, anayeishi humo, ameniagiza kutoka Foshan, ambako vigae vya nusu ya Kariakoo vinatoka, vigae vyeupe vya sentimita 60 kwa 60 na madirisha sita ya alumini, kwa ajili ya nyumba mpya ya tofali itakayokaa palepale pa zamani. Familia imeshachanga. Nilimpigia kumweleza habari za mawe chini ya nguzo: kwamba fundi anaweza kutegemeza mtambaapanya, akakata nguzo moja moja sehemu iliyooza, akaweka kitako cha jiwe la matumbawe au zege chini yake, na kuta zikakandikwa upya kwa udongo na kumaliziwa kwa chokaa. Nilimtumia na picha za Eguisheim.

Alinyamaza kidogo. "Mwanangu, hao Wazungu wanalala humo, au wanapiga picha tu?"

Nikamwambia wanalala.

"Na mchwa je?"

Tukazungumza mchwa kwa dakika arobaini. Mwisho wake bati anataka, na hataki mjadala wa makuti. Vigae anataka, kwa sababu yeye ndiye aliyesiriba ile sakafu tangu ana miaka minane. Kuta amesema nimwachie azungumze na fundi mmoja mzee wa Bweni, kama bado ana nguvu za kupanda ngazi. Kontena linafungwa Alhamisi. Vigae vimo. Madirisha nimeyatoa kwenye orodha kwanza, maana hayawezi kukatwa mpaka mzee huyo apime nafasi kati ya nguzo na nguzo, na hakuna mbili zinazolingana.